Shemeji, derby niliitazamia West

Shemeji Omosh,

Sasa? Natumai joto la Mombasa halijakumaliza na mama watoto ako poa. Uliniuliza kwa simu kama ni ukweli derby ya Gor Mahia yenu na AFC Leopards yetu, Ingwe, ilichezwa uwanja wa Nyayo na mimi nikakaa kwa baa, nikakwambia ngoja nitakuandikia vizuri juu hiyo stori haitoshi kwa simu.

Ni ukweli. Mechi ilikuwa ya saa tisa, nikatoka tao na miguu nikafuata Uhuru Highway pamoja na watu wenu wa kijani, wamejaza barabara hapo chini ya Expressway wanaimba mpaka magari yakasimama kabisa kwa raundabauti ya Bunyala, makanga wananing'inia mlangoni wanapiga mabati, yaani ni kama hakuna mtu alikuwa na haraka ya kufika popote. Watu wetu walikuwa nyuma kidogo na ngoma zetu za isukuti. Nia ya kuingia nilikuwa nayo, haki tena. Lakini kufika karibu nikaona vile watu wanasukumana, na mimi tangu ile ya 2010, si unakumbuka, Gor na Ingwe hapo hapo Nyayo watu wakakanyagana getini mpaka wengine wakafa, mimi sisukumani na mtu kwa geti. Nikavuka Lang'ata Road nikaingia Nairobi West.

Kuna baa moja ya ghorofani hapo, jina nitakwambia ukifika juu nina malalamishi nayo na sitaki kuyaandika na jina lake. Unapanda ngazi za chuma, kaunta iko ndani ya wavu, viti ni vya plastiki, jamaa wa choma ako kwa balkoni na upepo ukigeuka moshi wote unaingia kwenu. Wanafungua saa nane, si unajua ile sheria ya pombe ya Mututho ya 2010 ilisema wikendi baa ni kuanzia saa nane mchana, kwa hivyo una kama lisaa la kuagiza nyama kabla boli ianze. Hiyo lisaa haitoshi, nakwambia mapema. Niliagiza nusu kilo ya mbavu kabla timu hazijatoka kupasha misuli, ikafika kipindi cha kwanza kikikaribia kuisha, imewekwa kwa ubao na chumvi imerundikwa kwa kona na kachumbari, nje imeungua, ndani ile ya karibu na mfupa bado inatoa damu. Nikairudisha. Jamaa wa choma akaiangalia, akaniangalia mimi, akairusha kwa moto bila kusema kitu.

Na bia siku ya mechi hakuna mambo ya bili. Waita anakuuliza baridi ama moto, anakuja nayo, halafu anasimama hapo na opena mkononi mpaka umuonyeshe meseji ya M-Pesa ndio afungue. Mimi sina shida na hiyo, watu wa derby wakishafungwa huwa wanasahau kulipa.

Sasa sikia kitu kilinichoma. Tiivii kubwa zote, Omosh, zote, zilikuwa kwa ligi ya Uingereza. Na si mechi laivu, ni marudio! Mechi ya Arsenal ya Jumamosi, mabao kila mtu ashaona, na watu wamekaa wanatazama. Derby iko ng'ambo ya barabara, unasikia vuvuzela ukiwa umekaa, na hiyo derby wameiweka kwa katiivii kadogo karibu na mlango wa choo, bila sauti, kila mtu akienda haja anakuzibia. Nikaongea na meneja akaniambia wateja ndio wanataka hivyo. Wateja gani? Nusu ya hiyo baa ilikuwa na jezi za kijani na za buluu.

Lakini hapo ndipo mambo yalikuwa matamu, na hii ndio sababu nakuandikia. Tumekaa tunaangalia kale katiivii, mpira uko kati ya uwanja, beki anaurudisha kwa kipa, hakuna chochote. Ghafla uwanja wa kweli ukalipuka. Kelele ikaingia kwa madirisha, baa nzima ikasimama, na kwa tiivii kipa ndio kwanza anapiga mpira mbele! Picha inapanda satelaiti huko juu ndio irudi chini, kelele inavuka tu Lang'ata Road. Tukajua kuna bao na hatujui ni la nani. Manze hizo sekunde! Mzee mmoja akanyamazisha watu, akasimama dirishani akitega sikio, kama isukuti inaongezeka ni sisi, kama ni nyimbo tu ni nyinyi. Kijana mmoja wa kubeti naye alikuwa kwa simu anakimbiza kuweka mkeka kabla bao lionekane kwa tiivii, akidhani amewashika wenye kampuni ya kubeti, akapata wameshafunga soko. Wale wako na watu wao ndani ya uwanja, mbona wangoje tiivii kama yeye?

Bao ni la nani ushajua, siandiki.

Baada ya hapo hata watu wa Arsenal waligeuza viti. Meneja akakubali kubadilisha tiivii moja kubwa, na ikawa mbaya zaidi juu sasa kila uwanja ukipiga kelele watu wanaruka kabla ya kitu kutokea, kona inapigwa hewani kwa kelele za shuti ambayo bado haijapigwa.

Halaftaimu wazee wawili wakaanza. Wa kwenu akaanza na 1987, vile mlienda Tunis mkatoka 2-2 na Espérance, mkarudi Kasarani 1-1 mkabeba Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini, na hakuna timu nyingine ya Kenya imewahi kufanya hivyo. Wetu akamwambia sawa, lakini kombe la Afrika Mashariki na Kati Ingwe tulichukua 1982, 1983 na 1984 mfululizo, nyinyi mlikuwa wapi? Hapo wa kwenu akamimina bia yake polepole akasema mwaka gani wewe umebeba Afrika, taja. Wakakwama hapo. Nyama yangu ikarudi wakiwa bado wamekwama, nikawasukumia ubao wakala wote wawili, na huyo wa kwenu ndiye alimaliza kachumbari.

Filimbi ya mwisho ikilia usikae. Watu wote wa uwanjani wanapanda hizo ngazi, waliofurahi na waliokasirika, choo ni kimoja, nikatoka nikashika matatu mbele ya msongamano.

Ukija Desemba na treni ya SGR shuka Syokimau, nitakuchukua hapo. Kama kutakuwa na mechi Nyayo tutaenda huko huko West, tufike saa nane kamili tushike meza ya dirishani, nyama wewe ndio utaagiza na wewe ndio utaongea na yule jamaa wa choma. Jibu haraka kama unakuja, mama anauliza kama akuwekee kuku.

Wako,
Shem