Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani: tunaomba baraza la chakula

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Najua kamati ya lishe ipo, na wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe mwaka 2022. Siombi ivunjwe. Naomba baraza ambamo mama lishe, mvuvi wa Feri na mkulima wa muhogo wanakaa na maofisa wako, na wao wakiwa na kura.

Wenzetu walianza zamani. Knoxville, Marekani, walikuwa na baraza la namna hiyo tangu 1982. Brazil waliunda la taifa, theluthi mbili ya wajumbe wakitoka kwa wananchi. Mwaka 2009 nchi hiyo ikapitisha sheria kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo.

Sasa tazama kwetu. Msimu wa korosho mabibo yanaoza chini ya mikorosho, inzi tele, na bibo linalishinda chungwa kwa vitamini C. Yanayookotwa, mengi yanaishia kwenye gongo (hilo unalijua). Mtoto wa hapo hapo ananunua juisi ya unga ya pakiti. Afisa kilimo anahesabu korosho, afisa biashara ana leseni zake, afisa lishe anapima watoto. Bibo halina mwenyewe.

Mbaazi nazo. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kuziingiza, bei ilianguka huku Kusini. Baraza lingekuwapo, mtu angeuliza mapema: kwa nini zisiingie kwenye sufuria za shule zetu? Kwa hiyo lianze na hapo, chakula cha shule: nani anauza, kwa bei gani, na kipi kingetoka hapa hapa.

Ila lisisimamie jina la mkurugenzi, hata awe mwema kama wewe. Lile la Brazil lilikuwa na sheria na bado lilifutwa Januari 2019, rais mpya alipoingia, likarudishwa 2023. La kwetu lipitishwe na madiwani kwa sheria ndogo, lipewe fungu hata dogo, na tafadhali lisigeuke la posho na maji ya chupa.

Vikao viwe jioni. Asubuhi mama lishe yuko jikoni, na mvuvi hajapata hata usingizi.

Ndimi katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Chikongola