Barua ya mtendaji haitoshi kumhamisha mtoto

Mhariri,

Msimu wa korosho ukiisha, mabasi ya Dar es Salaam kutoka Masasi, Newala na Tandahimba hujaa akina mama waliobeba watoto na mabegi. Baba aliondoka zamani, simu yake haipatikani. Mkononi mama ana barua ya mtendaji wa kijiji, naye anaamini imemaliza kila kitu. Haijamaliza.

Barua ile inaeleza unakaa wapi na unafahamika kwa jina gani, basi. Haki ya malezi hutolewa na mahakama, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera neno la mjomba ni zito, na kikao chake kina heshima yake, lakini muhtasari wa kikao hautakukinga siku baba atakapoibuka na kudai mwanawe katoroshwa. Sheria hiyo inakataza kumwondoa mtoto isivyo halali kwa anayemlea kihalali.

Kabla ya tiketi, tafuta cheti cha kuzaliwa. Kilinganishe herufi kwa herufi na kadi ya kliniki na rejista ya shule. Hapa wengi hukwama: kliniki kaandikwa ubini wa babu mzaa mama, shuleni wa baba, na Saidi wa kwenye cheti huku ni Said. Tofauti ndogo humalizwa kwa kiapo cha majina. Cheti chenyewe kikiwa na kosa, kirudishwe RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo.

Kisha muone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mweleze mzazi mwenzako alionekana lini mara ya mwisho, wapi, na ndugu zake gani umewauliza. "Alipotea tu" haimsaidii. Kama amefariki, beba cheti cha kifo. Kama hajulikani aliko, peleka maombi ya malezi Mahakama ya Watoto. Wito usipomfikia, omba mahakama iruhusu utangazwe gazetini. Shauri hukwama pale mwombaji anapokuwa hajui hata jina kamili la mwenzake wala kijiji alichozaliwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 7 sheria huchukulia kuwa ni heri akae na mama, ila baba anaweza kulipinga hilo kwa ushahidi. Akina baba wanaolea peke yao nao wasidhani hatua hizi haziwahusu.

Shuleni, usimwondoe mtoto halafu ukafukuzia karatasi kwa simu. Pata kwanza nafasi kwenye shule ya kupokea, ndipo uhamisho ufanyike kwa namba yake ya PREM, yaani namba ya mwanafunzi kwenye mfumo wa kumbukumbu wa Baraza la Mitihani. Aliyekwisha kusajiliwa mtihani wa darasa la saba ni afadhali amalize alipo. Kadi ya kliniki nayo isiachwe kwa bibi: chanjo ya surua hutolewa miezi 9 na 18, na anayehama katikati mara nyingi huikosa ya pili.

Wanaovuka Ruvuma kwenda Msumbiji kwa Kilambo au Mtambaswala, mtoto anahitaji hati yake ya kusafiria. Ridhaa ya mzazi wa pili, au amri ya mahakama, ishughulikiwe mapema Uhamiaji, si mpakani.

Ukishakamilisha, waandikie ndugu wa upande wa baba anwani mpya na shule ya mtoto. Wasaini kwamba wamepokea, nawe ubaki na nakala.

Msaidizi wa kisheria,
Masasi, Mtwara