Barua ya wazi kwa wapigapicha mnaokuja Moshi kufundisha vijana

Wanangu na wadogo zangu katika kazi,

Marahaba, maana najua wengi wenu mngeniamkia kama tungekutana stendi.

Nimesikia mnakuja kukaa na wanafunzi wa picha za habari wiki nzima, asubuhi hadi usiku. Ni jambo jema. Nina ombi moja kubwa, nalo linahusu mikono yenu: isiguse kamera ya mwanafunzi.

Najua mtakavyojaribiwa. Kijana amesimama Soko la Mbuyuni, mikungu ya ndizi inashushwa kwenye Fuso, vumbi limepigwa na jua la asubuhi, na yeye bado anahangaika na vitufe. Unaona picha inapita. Unasema, "Hebu lete," unapiga, unamrudishia. Picha itatoka nzuri, ila ni yako, na kesho akiwa peke yake hatajua ulisimama pale kwa nini. Mwache aikose. Jioni ndipo umuulize alikuwa anasubiri nini, na kwa nini alirudi nyuma hatua mbili pale mama mwenye ndizi alipomgeukia.

Na jioni hiyo asikuletee kumi alizozichagua mwenyewe. Afungue kadi nzima. Enzi za filamu ya picha 36, mhariri aliziona zote zilivyofuatana, nzima na mbovu, na humo ndimo alimojua mpigapicha anawaza nini. Siku hizi kijana anafuta palepale sokoni, hata picha aliyokaribia kuipatia anaifuta. Pigeni marufuku kufuta. Halafu asubuhi mrudisheni mahali palepale, hata akinung'unika kwamba wenzake wamepelekwa Marangu kwa wabeba mizigo. (Mlima haukimbii. Kila mwenye kamera akifika hapa huanza na mlima, na mara nyingi ikifika saa nne Kibo imeshajifunika mawingu.)

Ufundi mtaufundisha vizuri kuliko mimi, ila kuna jambo moja linaloangusha wengi huku. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Kielekeze kwenye theluji, theluji itatoka ya kijivu. Mzee mweusi akikaa mbele ya ukuta mweupe, ukuta unatoka, yeye hana macho. Msiwaambie watanyoosha kwenye kompyuta. Wapime mwanga usoni, kisha wapunguze kidogo, ngozi ibaki na weusi wake. Mkiwa na mwanafunzi mmoja tu aliyeelewa hilo kwa vitendo, wiki haikupotea.

Akina mama wa sokoni wana neno lao kwetu wapigapicha: "Mnatupiga picha mkatuuze." Msiwacheke. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, nanyi mnaweza kuwapitisha vijana humo, lakini kwa mama yule heshima inaanza na kuulizwa jina. Mohamed Amin, mpigapicha aliyeanzisha kampuni ya picha ya Camerapix pale Dar es Salaam mwaka 1963, ni wetu huku Afrika Mashariki, na picha za njaa alizochukua Korem, Ethiopia, Oktoba 1984 ziliamsha dunia nzima ikachanga. Waulizeni wanafunzi wenu: nani anaweza kumtaja kwa jina hata mtu mmoja aliyeonekana mle? Si kumlaumu marehemu. Njaa ile haikumpa mtu nafasi. Mbuyuni nafasi ipo. Kwa hiyo picha isiyo na jina la mtu, kazi yake na mahali, irudishwe, hata iwe tamu vipi. Watoto na waliodhurika ndio pekee ambao majina yao yabaki kwenye daftari.

Kuna wenye kamera za bei ya pikipiki kati yenu. Ziacheni hotelini siku mbili tatu. Mwanafunzi mwenye kamera ya kuazima akiona yako, anaanza kuamini kilichompungukia ni pesa.

Na kabla ya maonyesho ya siku ya mwisho, wageni rasmi hawajaketi, chapisheni picha chache zipelekwe sokoni kwa wenyewe. Mwanafunzi aende kukabidhi peke yake. Wewe usimfuate.

Mzee wenu, mpigapicha mstaafu,
Moshi