Barua ya wazi kwa Kiongozi wa Bunge la Malodi, Uingereza

Mheshimiwa,

YAH: UMWINYI NA WATU WA PORINI

Shikamoo, na pole na kazi.

Sikuandikii kutetea viti vya kurithi, yaani mtoto kuingia Bunge la Malodi kwa cheo cha baba yake. Kwetu Waswahili "umwinyi" umekuwa neno la kusutana: kukaa barazani, jasho watoke wengine. Sheria ya 1999 ilipowaondoa malodi wa kurithi zaidi ya 600 na kubakiza 92, mimi sikulia. Ila mmoja wao bado namdai bungeni kwenu.

Ni Gathorne Gathorne-Hardy, Earl (cheo cha kimwinyi cha kurithi) wa tano wa Cranbrook, mzaliwa wa 1933. Mwaka 1956, kijana, alikwenda kisiwa cha Borneo, Asia ya Kusini-Mashariki, kufanya kazi katika Makumbusho ya Sarawak, leo jimbo la Malaysia. Kule kuna mapango ya Niah. Ndani ni giza totoro, chini kinyesi cha popo na ndege, juu mbayuwayu wadogo wanaojenga viota kwa mate yao na kutafuta njia kwa kusikiliza mwangwi wa milio yao wenyewe. Viota hivyo Wachina huvipikia supu ya bei mbaya, ndiyo maana wavunaji huparamia nguzo ndefu hadi darini mwa pango kuvibandua. Kiota kikibanduliwa mapema mno, kizazi kimekwenda. Mwinyi huyu aliwachunguza ndege hao kwa miongo, akafundisha pia Chuo Kikuu cha Malaya. (Maandishi yake ya zamani yana jina la Medway, cheo alichotumia kabla ya kurithi.)

Alirithi cheo na kiti 1978. Miaka ya 1990 aliongoza English Nature, shirika la serikali la kuhifadhi viumbe. Kisha 1999 akatoka na wenzake. Malaysia haikumsahau: 2014 alipewa Tuzo ya Merdeka, ya waliolifaa taifa hilo.

Sasa, Mheshimiwa, mtu huyu alifika bungeni kwa bahati nasibu. Baba alifariki, mrithi akatokea kuwa mjuzi wa mbayuwayu. Angeweza kutokea mjuzi wa kamari. Bahati hiyo mmeifuta, sawa, lakini badala yake mmeweka nini? Kila mnapoteua malodi wapya naona mawaziri wastaafu na wachangiaji wa vyama. Naomba kila orodha iwe na mtu mmoja aliyewahi kulala porini akihesabu viumbe, awe mtoto wa Earl au wa mchunga kondoo.

Nasubiri jibu.

Wako,
Mswahili mkazi wa Suffolk