Kabla Hamjapanda Jabal Shams: Barua Kutoka Maskati

Maskati, Oman

Kwenu wanangu Hamad na Rukia, Wete, Pemba.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, afya njema alhamdulillahi, na tunawaombea nanyi kheri pamoja na wote wa nyumbani. Mpeni bibi shikamoo yangu kwanza, kisha ndiyo mwendelee kusoma.

Ujumbe wenu umefika, kwamba mnakuja Disemba na mnataka kupanda Jabal Shams. Nimefurahi sana, na Disemba ni chaguo jema: msimu wa kupanda milima huku ni Novemba hadi Machi. Ila Rukia umeandika kwamba joto nyinyi mmeshalizoea. Hapo ndipo nitakapoanzia, kwa sababu joto mlilolizoea si hili.

Pemba hewa ina unyevu. Ukifanya kazi jasho linatiririka, shati linakuganda mgongoni, na mwili wenyewe unakwambia utafute maji. Huku hewa ni kavu. Jasho linatoka vilevile, lakini linakauka kabla hujaliona, basi ngozi inabaki kavu na mtu anadhani hajapoteza kitu. Alama ni chumvi nyeupe kwenye kola, midomo kukauka, na mkojo kuwa na rangi ya chai kavu. Ukiona mkojo wa rangi hiyo ujue umeshachelewa. Mtu wa pwani ndiye anayedanganyika zaidi, maana maisha yake yote amepima uchovu wake kwa jasho.

Kwa hiyo maji hayanywewi kwa kiu, yananywewa kwa saa. Kila dakika 20 piga mafunda machache, hata kama huna hamu, mpaka ifike nusu lita kwa saa. Kupanda hadi kileleni kunachukua saa 5 hadi 6, kwa hiyo lita 3 za kupandia na lita 2 za kushukia: kila mmoja lita 5. Msihesabu kupata maji njiani. Lita moja ni kilo moja, basi mnaanza na kilo 5 za maji peke yake kabla hamjatia kitu kingine begini.

Yatieni katika chupa 3 za lita moja na nusu na moja ya nusu lita, si katika chombo kimoja. Mfuko wa maji wenye mpira wa kunyonyea ni mzuri kutembea nao, lakini ukitoboka umepoteza yote, na tena huoni umebakisha kiasi gani. Chupa mnaziona. Zile lita 2 za kushukia ziwekeni chini kabisa ya begi. Lita 3 za juu zikimalizika kabla ya kilele, kilele cha siku hiyo ni pale mlipo, geukeni.

Na maji matupu peke yake hayatoshi. Mtu akinywa mengi mno bila chumvi, chumvi ya damu inapungua, naye anaumwa kichwa, anatapika, anachanganyikiwa, na wenzake wanadhani ni kiu wanamzidishia maji. Katika zile lita 5, mbili zitieni sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko kwa kila lita, vijiko vilivyosawazishwa si vya kurundika. Ni ile ile dawa ya mtoto anayeharisha, bibi anaijua. Karanga za chumvi zinasaidia pia.

Sasa njia yenyewe. Jabal Shams ndio mlima mrefu kuliko yote Oman. Kilele cha kaskazini kina kituo cha jeshi na hakiendeki, wala msikielekezee kamera. Kinachopandwa ni kile cha kusini, mita 2,997, kwa njia inayoitwa W4. Gari inawafikisha kwenye uwanda wa juu, karibu mita 2,000, kwa hiyo mnapanda kwa miguu kiasi cha mita 1,000 katika kilomita kama 10. Nawapa kipimo: Masingini, kilima kirefu cha Unguja, hakifiki mita 150. Muda hesabuni hivi: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo inatoa karibu saa 4, lakini ni kwa mtu mwepesi kwenye njia laini. Kwa mawe na mzigo, ongezeni nusu yake.

Mwangaza wa Disemba ni mfupi. Huku tuko mbele yenu kwa saa moja, basi rekebisheni saa zenu mkishuka ndege. Jua linazama karibu saa kumi na moja na nusu. Salini alfajiri, muwe njiani saa kumi na mbili kasorobo mkiwa na tochi za kichwani, na ikifika saa sita mchana mnageuka popote mlipo, hata kilele mkikiona mbele yenu. Saa hiyo ya kugeuka isemeni usiku wa kabla, mkiwa mmetulia, kila mmoja akiikubali, kwa sababu ukishafika juu, akili iliyochoka haitaki kugeuka. Tochi mnaziacha begini hadi mrudi, pamoja na betri za akiba.

Njia imepigwa rangi juu ya mawe: njano, nyeupe na nyekundu. Mkitembea dakika 5 bila kuona alama, simameni, rudini mpaka alama ya mwisho mliyoiona, kisha mmoja asimame hapo na mwengine atafute. Wengi wanapotezwa na njia za mbuzi, ambazo zinaonekana safi kuliko njia ya watu na zinaishia kwenye genge. Ramani ishusheni kwenye simu mkiwa mjini, simu iwekeni katika hali ya ndege ili betri isiishe, na mahali mlipo itaonyesha hata bila mtandao. Usiku ilazeni ndani ya nguo, baridi inakula betri.

Kuna jambo la mwelekeo litakalowatatiza. Kwetu kibla ni kaskazini, na mtu wa Pemba hupima pande zake zote kwa msikiti. Huku kibla ni magharibi. Mchana wa Disemba jua liko kusini na kivuli chenu kinaelekea kaskazini. Zoeeni hivyo siku za mwanzo mjini. Na sala za safari mnapunguza, na maji yakiwa ni ya kunywa tu, tayamamu ipo. Msimwage maji ya njia kwa udhu.

Mawe ya mlima ule ni chokaa ya bahari ya zamani, kama maweni ya Micheweni: makali, yenye meno, yanakula soli. Ndara na raba za mpira wa miguu hazifai. Chukueni viatu vya soli ngumu, vizidi mguu kwa nusu saizi, maana mguu unavimba mchana na wakati wa kushuka vidole vinagonga mbele. Kucha zikatwe siku mbili kabla. Kabla ya kuanza kushuka kazeni kamba upya. Viatu visivaliwe vipya mlimani, vizoesheni miguuni huko huko Pemba. Kuanzia wiki hii, mara 3 kwa wiki, pandeni kutoka bandarini hadi mjini na kushuka, mara kadhaa mfululizo, mkiwa na dumu la lita 5 mgongoni, na kila wiki ongezeni lita moja mpaka ifike 10. Kushuka kuna kazi kuliko kupanda: magoti ndiyo yanayoumia, kwa hiyo kila mmoja awe na fimbo mbili. Mguu ukianza kuchoma, simameni hapo hapo mbandike plasta. Lengelenge likishajaa hakuna dawa ya haraka.

Baridi mtaishangaa. Kila mkipanda mita 1,000 hewa inapoa kwa nyuzi kama 6 na nusu, na usiku kule juu inaweza kushuka chini ya sifuri. Pamba ikilowa jasho haikauki na inavuta joto la mwili, basi fulana za ndani ziwe za nailoni au sufi, na kila mmoja awe na ya pili kavu ya kubadilisha kileleni kabla ya kukaa. Kofia yenye ukingo, mikono mirefu, na koti la kuzuia upepo. Vikoi leteni, vinafaa kwa kila kitu.

Watu wengine hulala kileleni. Mimi sishauri. Kulala huko ni lita 9 kila mtu, pamoja na hema na mablanketi, begi linafika kilo 18 au zaidi. Laleni uwandani karibu na gari, na maji ya ziada yabaki garini. Siku ya kwanza nendeni njia ya W6, kutoka Al Khitaym hadi kijiji kilichohamwa cha As Sab, kiasi cha saa moja na nusu kwenda, ukingoni mwa bonde lenye kina cha karibu kilomita moja. Haina mpando mkubwa, itawapimia viatu, na mwili utazoea hewa nyembamba. Kaeni mita 2 kutoka ukingoni, hasa mkipiga picha na begi likiwa mgongoni.

Mapishi: mita 2,000 juu maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo wali unachelewa na maharage yanachelewa zaidi. Pikeni tambi. Maji ya kijito yachemsheni dakika 3 kamili. Chakula cha njiani kiwe tende, kashata za njugu na mkate wa mofa. Vyakula vifungieni garini, mbuzi wa kule wanafungua mabegi. Asubuhi kung'uteni viatu, nge wapo.

Mkishuka mtapita mabonde makavu, wadi. Hapo hamuweki hema kamwe, hata mbingu ikiwa nyeupe. Majabali hayanyonyi maji, na mvua iliyonyesha mbali mlimani inawafikia kwa dakika. Dalili ni maji kuwa tope ghafla, vijiti vinavyoelea, na mngurumo. Mkiona chochote katika hivyo pandeni pembeni, acheni vitu. Gari nayo: sentimita 30 za maji yanayokwenda kasi zinaweza kuisukuma. Ngojeni, hupungua baada ya saa chache.

Mwenzenu akianza kusema maneno yasiyoeleweka au kuyumba kwenye joto, hilo si la kupumzika tu. Kivulini, mvueni, mlowesheni kwa maji mliyonayo na mpepeeni bila kuacha, kisha pigeni 9999, namba ya dharura ya polisi wa huku. Sisi tutakuwa na karatasi ya njia yenu, namba ya gari na saa ya kurudi. Ikipita saa mbili ya usiku hamjapiga simu, tutawapigia hao polisi.

Niandikieni saizi za miguu, jioni baada ya kutembea na si asubuhi, niwatafutie viatu kabla ya mwezi kwisha muvikute kwa anayekuja Pemba. Na Hamad, pima begi lako kwa mizani ya dukani lote likiwa limejaa, unitajie kilo.

Msalimieni khalati na majirani wote.

Mimi ami yenu.