Yesu hakupigiwa kura Nisea

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu likiuzwa shilingi 200 na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ni ile makala ya kurasa za kati yenye picha ya Kaisari Konstantino wa Roma, iliyosema kwamba mwaka 325 aliwakusanya maaskofu katika mji wa Nisea, wakapiga kura Yesu awe Mungu, wakachagua na vitabu vya Biblia, wakarudi makwao.

Mimi ni katekista, huu mwaka wa 31. Jumamosi iliyofuata nilikuwa na darasa la kipaimara. Binti mmoja akafungua daftari lake. Ukurasa wenu ameubandika kwa ugali, pembe moja imekunjamana. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kumbe Nasadiki tunayokariri ni ya serikali?" Nasadiki ndiyo sala yetu ya kukiri imani. Darasa zima likanitazama. Nilikuwa nimepanga vipaji saba vya Roho Mtakatifu. Chaki yote ikaishia Nisea.

Nilichowaambia watoto nakuambia na wewe. Kugombana waligombana, na mafundisho yalipata maneno mapya. Hilo silifichi wala sitaki mtu alifiche. Ario, padri wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana aliumbwa na kwamba kuna wakati hakuwapo. Nisea wakamjibu kwa neno la Kigiriki ambalo halimo katika Biblia, ndilo tunalosali "mwenye umungu mmoja na Baba". Lakini kumwita Yesu Mungu hakukuanzia hapo! Zaidi ya miaka 200 kabla, Plinio, liwali mpagani wa Bitinia, mkoa uleule wenye mji wa Nisea, alimwandikia Kaisari Trayano kwamba Wakristo hukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu. Huyo hakuwa akiwapendelea, alikuwa akiwaua. Na kama Kaisari ndiye aliyeamua, mbona ugomvi uliendelea miaka 56 mingine, hadi Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Konstantinopoli mwaka 381? Mbona Konstantino huyohuyo alimpeleka uhamishoni Atanasi, mtetezi wa Nisea, na mwaka 337, yuko kitandani anakufa, akabatizwa na Eusebio wa Nikomedia, mtu wa upande wa Ario? Atanasi alifukuzwa mara tano. Gregori wa Nisa, askofu wa wakati huo, anasimulia kwamba pale Konstantinopoli ukimuuliza mtu bei ya mkate, anakujibu kwamba Baba ni mkuu kuliko Mwana. Mji mzima unabishana hadi sokoni, nanyi mmewageuza wapiga kura wa siku moja! Vitabu vya Biblia ndiyo kabisa: katika kanuni 20 za Nisea hakuna hata moja inayovitaja. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya aliiandika Atanasi katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367.

Mkitaka habari ya Wakristo kuachana, ipo. Baada ya Mtaguso wa Kalkedonia, mwaka 451, Wakopti wa Misri walishika njia yao, na Waethiopia pamoja nao. Halafu kuna maneno "na Mwana", tunayosali baada ya "atokaye kwa Baba". Nasadiki ya 381 inasema Roho Mtakatifu atokaye kwa Baba, basi. Nyongeza hiyo ni ya Kanisa la Magharibi, na Roma yenyewe ilianza kuiimba mwaka 1014. Jirani yangu ni Mwothodoksi wa Bukoba. Krismasi iliyopita alinisindikiza misani. Tulipofika hapo alifunga mdomo, mimi nikaendelea, kisha akaungana nasi tena.

Na sisi makanisani tuna kosa letu. Nasadiki inakimbizwa kama watu wanawahi basi, halafu mnada wa kuku na mikungu ya ndizi unakula saa nzima. Mwaka unapita mimbarani hajatajwa Ario wala Atanasi. Kabati la vitabu la parokia lina kufuli, na aliyekuwa na ufunguo amehama. Mtoto atajifunzia wapi kama si kwenye gazeti?

Kwa hiyo naomba hivi. Chapisheni Nasadiki ya 325 na ya 381 katika safu mbili, bega kwa bega, ili mtu aone ile ya kwanza inavyosema "na kwa Roho Mtakatifu" na kukomea hapo, na ya pili inavyoendelea. Iwe kurasa zilezile za kati. Iwe Jumamosi, kwa sababu ndiyo siku ya mafundisho. Na upana usizidi daftari dogo, yule binti aweze kuibandika juu ya ile ya kwanza. Gundi nitanunua mimi.

Katekista,
Mwanza