Izime kwanza, shoga yangu

Mombasa, Jumatano usiku

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na watoto nisalimie. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Uliposema laptopu inaganda kila ukifungua picha, na kwamba jana iliwaka ikadai haioni diski, halafu leo ikaiona tena, mwili ulinisisimka. Yangu ilianza hivyo hivyo. Nakuomba uizime sasa hivi, na usiiwashe hata dakika moja kutazama kama imepona.

SSD, diski ya chipu kama iliyomo kwenye laptopu zetu, haina kinachozunguka ndani, kwa hiyo haitoi mlio ikiumwa kama zile diski za zamani. Hufa kimya. Mle mna chipu zinazohifadhi data na nyingine inayoziongoza, ambayo ndiyo inajua kila kipande kimewekwa wapi. Hiyo ikizimika moja kwa moja, hata fundi akizibandua zile nyingine atakuta vurugu tupu. Na Windows kila ikiwaka huandika vitu vyake kwenye diski hiyo hiyo iliyo hoi.

Fundi wa kwanza niliyempelekea aliniambia tufomati, yaani tuifute diski yote, tuweke Windows upya. Wa pili alitaka kuendesha CHKDSK, programu ya Windows inayorekebisha makosa kwa kuandika kwenye diski hiyo hiyo. Nashukuru Mungu nilikataa, maana mle mlikuwa na rekodi 43 za bibi, Mungu amrehemu, akisimulia harusi za zamani. Kwenye SSD kilichofutwa hakifukuliwi kirahisi: kuna kitu kinaitwa TRIM, kinaiarifu diski kuwa nafasi ile haina kazi tena, nayo huisafisha yenyewe.

Aliyeniokoa ni binamu yangu. Alisema tunakili kwanza, mengine baadaye. Tuliwasha laptopu kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, tukachomeka diski ya nje kubwa kuliko ile mbovu. Isiwe imefomatiwa kwa mpangilio wa FAT32, kwa sababu huo haipokei faili moja linalofika GB 4, na nakala nzima ya diski ni faili moja. Tukiwa ndani ya hiyo diski ya nje, tukaandika:

sudo ddrescue -d -n /dev/sda nakala.img ramani.map

Programu hii ya kunakili diski mbovu, ddrescue, naipenda kwa moyo wote. Huchota kwanza panaposomeka kwa urahisi, panapokwama huruka mbele, na kila hatua huiandika kwenye ile ramani. Ukimaliza unarudia amri kwa -r3 badala ya -n, nayo inajaribu tena mara tatu sehemu zilizogoma. Chanzo, hapo /dev/sda, hutangulia, nakala hufuata. Ukivigeuza umejifutia mwenyewe. Nilisoma jina la diski kwa sauti kabla ya kubonyeza.

Usiku wa pili, asilimia 71, diski ikapotea. Nilikaa sakafuni nikalia. Tukazima, tukaiacha ipoe hadi asubuhi, tukawasha, tukatoa amri ile ile na ramani ile ile. Ikaendelea ilipoishia. Mwishoni kilichokosekana hakikufika asilimia moja. Diski mbovu hatukuigusa tena; kazi yote tuliifanya kwenye nakala, na mafaili yaliyopoteza majina tuliyatoa kwa PhotoRec, programu ya kufukua mafaili.

Nikafungua rekodi ya kwanza. Bibi anakohoa, anauliza, "Hicho kidude kinasikia?" Kisha anaanza.

Najua picha za marehemu baba yako ziko humo na hazipo pengine popote. Kwa hiyo fanya jambo moja tu kabla sijafika: kwa simu, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft uangalie kama kuna ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski, tarakimu 48. Uandike kwenye daftari, nambari moja moja. Kama diski ilifungwa kwa huo, nakala nayo itakuwa imefungwa.

Jumamosi napanda matatu ya alfajiri kuja Malindi. Flashi ninayo, diski ya nje ya TB 1 ninayo. Laptopu ikae kabatini, na chaja uichomoe ukutani.

Wako akupendaye